Kitabu cha Mama Lamduan

Mtu akifiwa na mama yake Jumanne, Jumatano hatarajiwi kazini. Lakini Jumatano ile, saa mbili kamili asubuhi, Thawin alisukuma mlango wa bati wa duka letu la uchapaji hapa Phrae, akavua viatu, akavipanga kando ya vyangu kama siku zote, akaenda kukaa mbele ya kompyuta.

"Wewe!" nikamwambia. "Umefuata nini hapa?"

"Kazi, dada Oi."

"Kazi? Mama yako yuko hekaluni kwenye jeneza, ndugu zako wanakatakata vitunguu vya kulisha wageni, na wewe unaniambia kazi?"

"Imeandikwa," akasema, akaonyesha ukutani.

Kweli ilikuwa imeandikwa. Thawin ana karatasi yake ya wiki, anaiandika kila Jumamosi kwa mkono wake mwenyewe. Jumatano: kusasisha programu ya madabodi. Tulikuwa tumenunua diski mpya, kubwa, na aliyetuuzia alisema ile programu inayokaa ndani ya madabodi yenyewe, ule ubao mkuu wa kompyuta, inayoiamsha kompyuta kabla ya kitu kingine chochote, imezeeka mno, haitaiona diski hiyo. Basi Jumamosi, mama yake akiwa mzima, anachambua maharage barazani, Thawin akaandika. Jumanne mama akafa kwenye kiti chake, asubuhi, kabla ya chai. Jumatano karatasi ikasema sasisha, naye akaja kusasisha.

Mimi mdomo wangu hauna breki, mtaa mzima unajua. Nilikuwa nimeshaufungua nimpe zake. Lakini nilipomtazama usoni sikuona pa kuanzia. Macho makavu, shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa. Mguu ukifa ganzi unaweza kuuchoma sindano na mwenye mguu akakutazama tu. Thawin alikuwa hivyo mwili mzima.

"Haya," nikasema. "Sasisha basi."

Kazi yetu sisi ni kuchapa vitabu vya wafu. Kwetu maiti hazizikwi, huchomwa hekaluni, na mtu akichomwa, kila aliyekuja kumuaga anaondoka na kitabu kidogo mkononi: picha ya marehemu, maisha yake, sala chache, na wengine wanaweka na mapishi aliyosifika nayo. Bosi wetu, mzee Heng, alirithi mitambo kwa baba yake. Mimi nakunja, napiga pini, nakata kingo, huu mwaka wa thelathini na moja. Thawin anapanga kurasa. Alisomea mambo ya umeme Chiang Mai, akarudi baba yake alipofariki, akasema atakaa na mama mwezi mmoja. Sasa ana miaka hamsini na moja na hajaoa. Kuna dada mmoja wa posta alimsubiri sana, mpaka akachoka, akaolewa na mtu wa mji wa Nan. Thawin ndiye aliyewachapia kadi za harusi, tena nzuri kuliko walizolipia.

Na mama yake, Mama Lamduan, ndiye alikuwa jicho letu. Alifundisha shule mpaka alipostaafu, kisha akaja kukaa dirishani kwetu na rula ya mbao na penseli nyekundu, na tangu hapo hakuna karatasi iliyokwenda mtamboni kabla hajaisoma. Taratibu yetu ni ya watu wawili. Mmoja anashika karatasi iliyoandikwa na familia, anasoma kwa sauti. Mwingine anafuata kwa rula kwenye kurasa zilizopangwa, neno kwa neno, tarakimu kwa tarakimu. "Soma, Oi," ananiambia. Nami nasoma mpaka koo linakauka.

Kitu alichokiogopa kuliko vyote ni umri. Kabla hajaja, duka liliwahi kumwongezea bibi mmoja wa wauza mbao miaka mitatu, na wanawe wakarudisha vitabu vyote na gari la magogo, wakavimwaga mlangoni. Mama Lamduan aliposikia kisa hicho hakucheka kama sisi. Alisema, "Mmemwandikia mtu miaka ambayo hakuila."

Kwa sababu ya hofu hiyo Thawin alimtengenezea kiolezo kwenye kompyuta. Unaandika mwaka wa kuzaliwa tu. Kompyuta inatazama saa yake ya ndani, inapiga hesabu, inajaza umri yenyewe. Kwa kalenda yetu ya Kithai sisi tulikuwa mwaka wa 2567, lakini kompyuta kwa ndani zinahesabu miaka ya wageni, kwao ilikuwa 2024, basi Thawin akaifundisha kwanza iongeze miaka mia tano arobaini na tatu, ndipo itoe mwaka wa kuzaliwa. Haikuwahi kukosea hata mara moja. Na bado Mama Lamduan aliihakiki kwa vidole, kitabu baada ya kitabu.

"Mama, hiyo inajipigia hesabu yenyewe," Thawin anamwambia.

"Mimi siamini kitu kisichokula," anajibu, anaendelea na vidole.

Alikuwa na ugomvi mwingine, na maneno haya: ametuacha mapema mno. Familia zinayapenda kweli. Kila kitabu yamo. Mama Lamduan alijiwekea sheria yake, kwamba marehemu akishapita miaka sabini, maneno hayo yanakatwa kwa penseli nyekundu. "Mtu ana miaka themanini na nane, mapema gani?" anauliza. "Walitaka abaki afanye nini? Apande paa?" Siku hiyo nilicheka mpaka nikamwaga boksi zima la pini.

Sasa kitabu chake mwenyewe kilitakiwa Jumapili, saa kumi alasiri, ndiyo saa ya kumchoma. Nakala mia tatu. Mwanamke aliyehakikisha kila mfu wa mji huu anaagwa bila kosa, watu waje kumuaga watoke mikono mitupu? Au na kitabu cha ovyo ovyo? Mimi nisingeweza tena kupita mbele ya hekalu lile. Thawin yeye alisema kitu kimoja tu, na alikisema akiwa amenipa mgongo. "Kitatoka hapa. Na kitakuwa sahihi."

Sasisho lenyewe halikuchukua hata dakika kumi. Alichomeka flashi, kioo kikawa cheusi, mstari mweupe ukatambaa, kompyuta ikajizima ikajiwasha. Diski mpya ikaonekana. Kompyuta hiyo haina mtandao, Thawin aliukata mwaka ule virusi vilipotumezea kurasa za watu kumi na wanne, kwa hiyo kila kitu kinaingia kwa flashi na kutoka kwa flashi. Akafungua kitabu cha mama yake. Ukurasa wa kwanza, picha, Mama Lamduan na sare ya ualimu, kakunja sura kama anayetaka kukupiga rula.

Baada ya dakika saba kioo kikageuka bluu. Maneno meupe yakatokea, kompyuta ikazimika, ikajiwasha yenyewe. Thawin akachukua karatasi akaandika: 7.

"Nini tena hiyo?" nikauliza.

"Imeanguka."

"Basi iinue!"

Hakucheka. Akaifungua tena, akapanga aya moja, ikaanguka. Akaandika 12. Kisha 4. Kisha 9. Alikuwa anaandika kwa mwandiko mzuri, tarakimu zimesimama sawasawa, chini kwa chini.

Saa sita tukala. Thawin siku zote anakuja na kibweta cha bati cha ngazi tatu anachofungiwa na mama yake, wali wa kunata chini, mboga katikati, kitu kitamu juu. Siku hiyo pia alikuja nacho. Akakiweka mezani, akafungua ngazi ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Ya tatu, tupu, imeoshwa, inang'aa. Akazirudishia moja moja, akafunga klipu, akarudi kwenye kompyuta. Nilimsogezea tambi zangu za mchuzi mwekundu. Alikula zote na sidhani kama alijua amekula nini.

Mchana akaifungua kompyuta ubavu. Akapuliza vumbi, akaangalia feni zote zinazunguka, akagusa kila waya. Akaitoa ile diski mpya, labda ndiyo mkorofi. Kompyuta ikaanguka vile vile. Akataka kuirudisha programu ya zamani ya madabodi, madabodi ikakataa. Ikishapokea mpya hairudi nyuma, akaniambia. Aliniambia kama mtu anayekusomea ratiba ya basi.

Alhamisi mzee Heng akaja, akasimama nyuma yake muda mrefu akijipapasa mfuko wa shati.

"Thawin, mwanangu. Tupeleke kitabu kwa wale wachapaji wenzetu wa Lampang. Nitawapigia mwenyewe. Si aibu."

"Kiolezo kiko hapa, bosi."

"Wana violezo vyao."

"Umri wanaujaza kwa mkono," Thawin akasema. "Mama hakutaka umri wa kujazwa kwa mkono."

Mzee Heng akanitazama, mimi nikamtazama. Akatoka taratibu, akasahau kofia yake juu ya mashine ya kukatia.

Siku nzima ya Alhamisi ilikwenda kwenye vijiti vya kumbukumbu. Viko viwili ndani ya ile kompyuta, vimechomekwa sambamba, vya urefu wa kiganja. Akatoa cha kwanza, akaacha cha pili peke yake. Dakika kumi na moja, chini. Akabadilisha. Dakika nane, chini. Akahamishia tundu jingine. Chini. "Viwili haviwezi kufa siku moja," akasema, nami nikasema ndiyo, ingawa mambo hayo siyajui. Nilikuwa nakaa naye tu. Kazi yangu ilikuwa inamsubiri yeye, na karatasi tulizokata tayari zilikuwa mezani, mia tatu, nyeupe pe.

Jioni tukaenda hekaluni kwenye sala. Watawa wanne mbele wanaimba, jeneza limezungukwa na taa ndogo zinazowaka na kuzima, maua, harufu ya ubani. Thawin mstari wa kwanza, viganja vimeungana kifuani, mgongo umenyooka. Mimi nyuma yake. Katikati ya sala nikaona kichwa kinageuka.

"Dada Oi," akanong'ona.

"Eeh?" Nilidhani sasa yanakuja. Nikajiandaa, leso mkononi.

"Si joto. Kama ingekuwa joto, dakika zingekuwa zinapungua kwa mpangilio mmoja. Hizi zinaruka ruka."

Jamani! Nilimfinya mkono kwa hasira zangu zote, ule ufinyaji wa kumfinya mtoto sokoni. Hakushtuka hata. Alitazama vidole vyangu juu ya ngozi yake, akageuka mbele, akaendelea kuunganisha viganja. Nilijisikia vibaya usiku wote, na kesho yake kulikuwa na alama.

Ijumaa asubuhi aliniita. Ni nadra kuniita. "Kaa hapa unishikie tochi," akasema. Akachungulia ndani ya kompyuta, akakitoa kwa kucha kibetri kidogo cha mviringo, kama kitufe cha koti. Akakiweka kwenye kisahani cha chai.

"Hicho ndicho kinachokumbuka," akasema. "Ukikitoa, madabodi inasahau mipangilio yote, inaanza upya kama ilivyotoka kiwandani."

"Unangoja nini sasa?"

"Isahau."

Tukangoja dakika kumi. Mimi na tochi yangu, yeye na mikono magotini, tunakitazama kibetri kwenye kisahani. Nilimwuliza kama amelala. Akasema amelala. Nikamwuliza kama ameshaandika maisha ya mama kwa ajili ya kitabu. Akasema ameandika, nusu ukurasa. Miaka sabini na tisa, nusu ukurasa! Sisi tumewahi kuandika kurasa sita za mtu aliyekuwa anafuga jogoo wa kupigana. Lakini sikusema. Nilishajifunza tangu Alhamisi.

Akakirudisha kibetri. Kompyuta ikaamka ikiwa imesahau kila kitu, hata saa. Ikamletea kioo cheusi chenye mistari, ikimtaka ajaze tarehe. Nikamwona akiijaza, nilikuwa nimesimama pale pale na tochi. Saa. Siku. Mwezi. Mwaka. Aliandika haraka, kama anavyoandika kila siku kwenye risiti na kwenye madaftari, kama ningeandika mimi.

Safari hii ilisimama dakika arobaini, ikaanguka. Akaandika 40, akaitazama namba ile kwa muda. Kisha akavuta vijiti vya kumbukumbu tena, akavipindua, akasoma maandishi madogo ya ubavuni kwa miwani ya mama yake. Niliijua ile, ina uzi wa kijani. Akarudi kwenye kile kioo cheusi.

"Inavikimbiza," akasema.

"Nani anamkimbiza nani?"

"Programu mpya. Inaamua yenyewe kuvipa kasi kubwa kuliko iliyoandikwa hapa. Vinajitahidi, vinajitahidi, halafu vinashindwa." Akashusha ile kasi mpaka iliyoandikwa. Akahifadhi, akawasha, akafungua kitabu, akaniambia niende nikale.

Niliporudi ilikuwa bado imesimama. Saa nane, imesimama. Saa kumi, imesimama. Alikuwa amemaliza kurasa zote kumi na mbili. Mimi nikapiga makofi peke yangu mle dukani, mtu mzima, nikamwita mzee Heng kwa kelele. Mzee Heng akaja mbio na kandambili moja, macho yamemjaa maji. Thawin aliandika kwenye karatasi yake: haianguki. Akachora mstari chini, akazima taa ya meza.

Jumamosi tukahakiki. Nilikaa kwenye kiti cha Mama Lamduan dirishani. Sikupenda, lakini mwanga mzuri uko pale. Rula yake nikaishika, penseli nyekundu ikawa mbele yangu.

"Soma, Thawin," nikasema.

Akasoma kutoka kwenye karatasi aliyoiandika mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma orodha ya vipuri. Alizaliwa mwaka mbili nne nane nane. Nikafuata: mbili nne nane nane, sawa. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na tatu. Sawa. Alijua kupika samaki kwa majani ya mgomba. Sawa. Tulipofika mstari wa umri, karatasi yake ilikuwa na nafasi tupu, kwa sababu umri hauandikwi na mtu, unajazwa na kiolezo. Hakuna cha kusoma. Akaruka, nami nikasogeza rula mstari wa chini. Ndivyo tulivyofanya miaka yote, mimi na yeye. Aliyekuwa hafanyi hivyo ni mmoja tu.

Mstari wa chini ulikuwa huu: Ametuacha mapema mno.

Nikaacha kufuata. Miaka sabini na tisa. Sheria ilikuwa sabini, na mwenye sheria ndiye huyu. Nikachukua penseli nyekundu.

"Thawin. Unajua angesema nini."

"Najua."

"Angeniuliza walitaka abaki apande paa."

"Iache, dada Oi."

Alisema bila kuinua macho kwenye karatasi. Tangu Jumanne ukiacha lile la tochi, hilo lilikuwa ombi lake la kwanza kwa mtu yeyote. Nikaiweka penseli chini. Alasiri mtambo ukaunguruma, nikakunja, nikapiga pini, nikakata kingo, na hakuna kitabu hata kimoja kilichotoka na mkunjo mbaya, naapa kwa mikono hii. Jioni Thawin aliichukua ile penseli, akaitia mfukoni. Akasema ataiweka kwenye jeneza.

Jumapili jua lilikuwa kali. Mzee Heng mwenyewe alisimama mlangoni mwa banda la hekalu akigawa vitabu kwa mikono miwili. Walijaa watu. Wanafunzi wake wa zamani, wengine vibogoyo, yule dada wa posta alikuja kutoka Nan na mumewe. Wengi walikuwa wanajipepea na kitabu kwanza, ndivyo ilivyo, kusoma mpaka nyumbani. Nikakaa nyuma ya Thawin, nikajisemea moyoni: tumeweza, mama, umeona?

Kiti cha mbele kabisa alikaa mama mdogo Phan, mdogo wake Mama Lamduan. Ana miaka sabini na nne na masikio yalishaziba zamani. Kwa kuwa hasikii hata sauti yake, kila anachosoma anakisoma kwa sauti, mpaka bei za sabuni dukani. Akavaa miwani, akafungua kitabu, na banda zima likasomewa.

"Lamduan. Alizaliwa mwaka 2488. Eeh. Alifundisha shule. Kweli, alinichapa na mimi. Alipika samaki." Akapitisha kidole chini. "Alifariki akiwa na umri wa miaka mia sita ishirini na mbili."

Vitabu vikaacha kupepea.

Nikafungua changu. Ilikuwa hivyo, kwa wino mweusi, herufi safi kabisa: miaka 622. Nikafungua cha jirani kama mwendawazimu, kana kwamba chake kingekuwa tofauti. Nyuma mtu akacheka, akajiziba mdomo, akacheka tena puani.

Thawin alikuwa anatazama ukurasa. Niliona midomo yake inapiga hesabu.

"Saa," akasema kwa sauti ndogo. "Niliandika 2567."

Ndipo nikaelewa. Siku ya kibetri, kompyuta ilipouliza mwaka, ilikuwa inataka ule wake wa wageni. Yeye akaiandikia wetu. Kiolezo nacho, kitiifu, kikaongeza mia tano arobaini na tatu juu yake kama kilivyofundishwa. Na mimi nilikuwa nimesimama pale na tochi, nikamwona akiandika, nikaona ni sawa, maana kwangu pia mwaka ni huo. Na Jumamosi nikasogeza rula. Vidole kumi ninavyo, sikuhesabu hata kimoja. Mwanamke aliyetulinda na kosa hilo hilo miaka yote, sisi tukampa mia tano na zaidi ambayo hakuila. Niliona aibu nikatamani kukaa chini ya kiti.

Mzee Heng alikuwa ameshafika, uso umempauka kama karatasi. "Navikusanya," akasema. "Thawin, navikusanya vyote sasa hivi. Tutachapa upya, tutapeleka nyumba kwa nyumba."

Thawin alikuwa ametoa penseli nyekundu mfukoni, ameisimamisha juu ya ile namba, na haishuki.

Mama mdogo Phan alikuwa hajasikia lolote. Kidole chake kilikuwa kimeshafika mstari wa chini.

"Ametuacha mapema mno," akasoma. Akavua miwani, akageuka na mwili mzima. "Thawin! Miaka mia sita ishirini na mbili, na bado mapema?"

Kuna waliocheka waziwazi sasa. Thawin akainua kichwa.

"Ndiyo, mama mdogo," akasema.

"Eeh? Sema kwa nguvu, unaongea na nani?"

"Ndiyo. Mapema."

"Sikusikii!"

"Mapema!" Thawin akapiga kelele. Thawin yule, ambaye katika miaka ishirini na tisa sijawahi kumsikia akiita hata mtu aliye ng'ambo ya barabara. "Mapema, mama mdogo! Mapema mno! Mapema mno!"

Na sauti ikamkatikia hapo. Akainama juu ya magoti yake na akalia, mabega yanaruka, kikohozi, makamasi, kila kitu, mbele ya watawa na wanafunzi na yule dada wa posta. Hakuna aliyecheka tena. Mama mdogo akampigapiga mgongoni kwa kitabu, anasema kwa sauti yake ile kubwa, "Haya, haya, nimesikia." Mimi nilimshika pale pale nilipomfinya, na safari hii nilihisi mkono wake unaubana wangu.

Mzee Heng alipozunguka kuomba vitabu, hakuna aliyemrudishia. Na walipofungua jeneza kwa mara ya mwisho, Thawin aliweka penseli nyekundu mkononi mwa mama yake. Hakuwa ameitumia.